Udongo wa Kabati la Tatu

"Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi, meza ya chai iliyopo ukumbini itahamishiwa katika chumba cha sampuli, kwa lengo la kupunguza msongamano mlangoni. Chupa za chai, vikombe na sukari vitabaki chini ya uangalizi wa mhusika. Ushirikiano wenu unathaminiwa. Utawala."

Tangazo hilo lilibandikwa mahali patatu na kupigwa mihuri miwili. Nimewahi kuona mikataba ya miaka kumi iliyopigwa mmoja.

Chumba cha sampuli ni changu, kwa maana ile ambayo chumba huwa cha mtu anayekifungua asubuhi na kukifunga jioni. Kina makabati sita, meza moja, mizani, taa ya kukagulia na daftari. Sikuulizwa kuhusu meza ya chai, wala sikutarajia kuulizwa. Nilipima ukuta, nikaona kwamba rafu ya wazi iliyo kando ya kabati la tatu ingebidi isogezwe, nikaandika hivyo daftarini.

Kiwanda chetu hakina jina ambalo mnunuzi analifahamu, na hiyo si ajali bali ndiyo biashara yenyewe. Sisi hubuni vitu, tukavichora, tukavitengenezea kalibu, tukavimimina kwa maelfu. Kisha kampuni nyingine zikavibandika chapa zao na kuviuza kana kwamba zimeviota usingizini. Birika, taa za mezani, sahani za watoto, vishikio vya miavuli. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Hawakupata nafasi ya kuisoma mikataba yetu.

Kila kitu tunachokitengeneza kina kielelezo asilia, yaani umbo la kwanza lililofinyangwa kwa mkono, ambalo kalibu zote hupimwa kutokana nalo. Vielelezo hivyo huhifadhiwa kwangu kwa namba. Mteja akidai kwamba kikombe chake kimepinda, hutoa kikombe chake nami hutoa kielelezo, tukaviweka chini ya taa, na aliyepinda akajulikana. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kupoteza kielelezo hata kimoja. Nayasema haya si kwa kujisifu; ni sehemu ya maelezo.

Mfinyanzi wa vielelezo aliitwa Milimita. Jina hilo alipewa na karakana, na hata mkewe alilitumia alipotaka kumkera. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alikuwa mgema wa namna nyingine: akisifiwa hununa, asiposifiwa hupima upya. Nilimwona mara moja akikataa kiti katika harusi ya mwenzetu kwa sababu miguu yake haikulingana. Alisimama mpaka keki.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. "Wewe unapima, mimi nakata," alikuwa akimwambia, "na mpaka sasa watu wamevaa vyangu, vyako vimekaa kabatini." Kisha mikono yake ikaanza kuishiwa nguvu. Daktari aliupa ugonjwa jina refu, kama wafanyavyo wasipokuwa na dawa fupi. Aliacha cherehani. Baadaye akaanza kuangusha vikombe. Alivunja sita katika wiki mbili, na cha saba, Milimita alinisimulia, alikiomba radhi kabla hajakigusa.

Hapo ndipo Milimita alipobeba donge la udongo wa kufinyangia kwenda nalo nyumbani. Aliuzungusha udongo ule kwenye kikombe cha bati, akamwekea mkewe mbele yake.

"Shika," akamwambia. "Shika kama vile nataka kukunyang'anya."

"Uninyang'anye nini, na chai yenyewe umepika wewe? Ni maji ya moto yenye rangi."

"Shika tu, mama. Usicheke, unatikisa."

Alishika, na alicheka, na udongo ulipokea vyote viwili. Vidole vinne vilizama upande mmoja na gumba upande wa pili, mahali ambapo mkono dhaifu ungetaka kukuta kitu. Na chini ya kidole cha pete kulibaki kishimo kidogo, kama kilichotobolewa kwa ncha ya kalamu. Chanda chema huvikwa pete, tunafundishwa. Hatufundishwi kwamba chanda kikikonda pete huzunguka, jiwe likageukia kiganjani. Jiwe hilo ndilo lililotoboa udongo.

Kikombe kilichotokana na mkono ule kilikuwa kitu bora kuliko vyote vilivyowahi kutoka kwetu, na nasema hivyo nikiwa mtu asiyependa vikombe. Aliyekuwa hawezi kushika aliweza kushika. Utawala ukakiona, ukakipa namba 417, na katika mwaka mmoja kikauzwa kwa chapa tatu: moja ilikiuza kwa wazee, ya pili kwa watoto, ya tatu kwa wapanda milima. Kila chapa ilidai tofauti yake, kwa hiyo kimoja kilikatiwa gumba, kingine kikanenepeshewa vidole. Kishimo cha pete hakikufika hata kwenye kalibu ya kwanza. Mkaguzi wa ubora alikikuta, akakiandika "kasoro ya uso, daraja la pili", akaamuru kalibu itengenezwe bila kishimo hicho.

"Si kasoro," Milimita alimwambia. "Ni pete."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya pete," alijibu mkaguzi, na kwa kweli haikuwepo. Niliitazama.

Mkewe alikitumia kikombe hicho mwaka mmoja na miezi minne. Alipofariki, karakana ilisimama nusu siku, jambo ambalo lilihitaji barua. Nyumbani vilibaki vikombe vinne vya 417, vyote laini, vyote bila kishimo, kama vilivyo kwenye nyumba za watu laki mbili wengine. Mahali pekee ambapo mkono wake ulikuwa bado mkono wake palikuwa kabati langu la tatu, rafu ya pili.

Milimita alianza kuja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Nilimtolea kielelezo, akakishika kwa mkono wa kulia, vidole vyake vinene juu ya vile vyembamba, dakika tano au sita, akanirudishia. Daftarini niliandika "ukaguzi wa kawaida". Ijumaa hizo zilikuwa sabini na mbili. Zimeandikwa zote.

Kisha ile chapa ya wazee ikaamua kununua 417 moja kwa moja: michoro, kalibu, na kielelezo asilia. Kielelezo kilitakiwa kuwekwa katika kisanduku cha kioo kwenye ukumbi wao wa kupokelea wageni. Hadithi ilikuwa tayari imechapwa kwenye maboksi: "Kimebuniwa na familia yetu, kwa upendo, kwa ajili ya bibi yetu." Maboksi hayo yalikunjwa katika idara yetu ya ufungashaji, ambako binti pekee wa Milimita alifanya kazi. Alikunja mia tatu kwa zamu.

"Baba mdogo," aliniambia siku moja, akiniwekea boksi mezani, "hebu niambie, huyu bibi yao ni nani? Maana mimi mama yangu nilimzika."

Nilimwambia kwamba sikuwa na habari. Lilikuwa jibu sahihi, na sikulipenda.

Milimita aliandika barua kuomba abakishiwe kielelezo. Aliitwa na mkurugenzi, nami niliitwa nije na daftari.

"Ndugu yangu, ingekuwa amri yangu ningekupa leo hii," mkurugenzi alisema. "Lakini si mali yetu tena."

"Ilikuwa yenu lini?" Milimita aliuliza.

Mkurugenzi alinigeukia kana kwamba tarehe ingesaidia. Nikaitaja. Haikusaidia.

Jioni ile Milimita alinisubiri karibu na ngazi. "Bwana Kabati," alisema, kwa maana nami nina jina la karakana, "mteja anachukua lini?"

"Jumatatu. Saa nne."

"Wanataka udongo wenye vidole. Nitawapa udongo wenye vidole."

Nilimwelewa, na wajibu wangu ulikuwa ni kumkatalia. Nilimwazima kielelezo siku nne kwa jina la "usafishaji kabla ya makabidhiano". Huo ndio uongo wa kwanza katika daftari langu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kweli zote zilizoutangulia.

Alikipaka kielelezo mpira ulioyeyushwa, ukaganda, akaubandua; akapata kalibu iliyobeba kila kitu, hata mistari ya ngozi ya ncha za vidole. Udongo aliutoa kwenye pakiti ya aina ile ile, na kikombe cha bati cha ndani kilikuwa pacha wa kile cha kwanza. Nakala ya kwanza ilisinyaa kidogo ilipokauka, akaivunja. Ya pili ilipungua gramu tatu, akaivunja. Ya tatu rangi ilikuwa changa. Ya nne aliikausha katika tanuri dogo la karakana, akaipaka vanishi ya zamani, na kielelezo nacho akakipaka ili harufu ilingane, akaishikashika siku nzima ili ipate ule mng'ao wa kitu kilichoshikwashikwa. Ijumaa mchana aliniletea vyote viwili juu ya sinia moja.

Niliviweka kwenye mizani. Gramu mia nne kumi na mbili. Gramu mia nne kumi na mbili. Niliviweka chini ya taa. Kishimo kwa kishimo.

"Kipi ni kipi?"

"Kushoto ni yeye," alisema. "Kulia ni kazi."

"Tia alama. Mkwaruzo mdogo tu, chini."

"Wakaguzi wao wana taa kama yako. Wakiona mkwaruzo kwenye kimoja, watauliza kingine kiko wapi."

"Basi tia kwenye hiki cha kwako."

Alinitazama kama nilivyomwona akikitazama kile kiti cha harusini. "Nimkwaruze? Halafu kwa nini? Mimi nisimjue mke wangu?"

Mimi si mtu wa kubishana na mjane wa kiume Ijumaa mchana. Ijumaa walinzi hupekua mifuko langoni, kwa hiyo angekuja Jumatatu saa tatu, achukue chake kwa mfuko wa chakula. Niliweka sinia kwenye rafu ya wazi, kwa kuwa kabati la tatu lilikuwa limekwisha kufungwa kwa lakiri ya makabidhiano. Kushoto yeye, kulia kazi. Daftarini sikuandika kitu. Kuandika kungekuwa ushahidi.

Jumatatu saa mbili, kama ilivyotangazwa, meza ya chai iliwasili. Ilibebwa na wanaume wawili na kuongozwa na Mama Chai, ambaye ndiye yule mhusika wa kwenye tangazo. Nilitakiwa kwenda ofisi ya utawala kutia sahihi ya kupokea chupa tatu za chai, vikombe ishirini na nne na kopo la sukari. Niliwaomba wanisubiri kabla hawajagusa rafu. Sahihi zilikuwa tano, na kalamu ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi.

Niliporudi, rafu ilikuwa imesogezwa na meza imepata mahali pake. Sinia lilikuwa juu ya rafu, linang'aa.

"Umeona?" alisema Mama Chai kwa furaha. "Nimekupangusia na vumbi. Sinia lilikuwa chafu, baba, aibu! Nikatoa hivyo vidude, nikaliosha, nikavirudisha."

"Umevirudisha vipi?"

"Vizuri. Polepole. Hakuna kilichopasuka."

"Kilichokuwa kushoto umekirudisha wapi?"

"Kushoto."

"Ulisimama upande gani?"

Alifikiri, kwa sababu ni mwanamke mwaminifu. "Wakati wa kutoa nilikuwa huku. Wakati wa kurudisha nilikuwa kule, maana meza ilishakaa. Kwani kushoto kwako au kwangu?" Kisha akaniangalia usoni. "Mzee, kaa chini nikumiminie chai. Umekuwa kama umefiwa."

Saa tatu Milimita alifika na mfuko wake. Nilimweleza kwa sentensi nne. Nilikuwa nimeziandaa ziwe tatu.

Hakunilaumu. Alivuta kiti, hakuangalia miguu yake, akakaa. Alitoa kile kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akapima gumba la huyu na gumba la yule, kidole kwa kidole. Vipimo vilikuwa sawasawa. Alikuwa amehakikisha mwenyewe kwamba vitakuwa sawasawa. Aliwasha taa. Alivinusa, vyote vikanukia vanishi aliyoipaka. Mwisho alifumba macho akashika kimoja kwa mkono wa kulia, kama Ijumaa, kisha kingine, kisha kile cha kwanza tena.

"Ni huyu," alisema.

Nikanyoosha mkono kuufungua mfuko.

"Hapana. Ngoja."

Alirudia mara tisa. Niliona wakati alipoacha kumtafuta mkewe akaanza kutafuta kosa lake mwenyewe, mkwaruzo, kiputo cha hewa, chochote ambacho fundi mbovu angekiacha. Hakikuwepo. Katika maisha yake yote hakuwahi kutamani uzembe, na sasa alipouhitaji hakuwa na hata chembe yake.

"Mwite mtoto," alisema. "Ana mkono wa mama yake."

Binti alikuja kutoka ufungashaji akiwa na vumbi la makaratasi kwenye nywele. Tulimweleza. Alipangusa kiganja kwenye sketi, akachukua kimoja. Vidole vyake vilizama vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, bila kutafuta. Akakiweka. Akachukua cha pili. Vilizama vile vile. Alikikaza kiganjani, na nilidhani ametambua kitu.

"Vyote vinanikaa, Baba," alisema.

"Jaribu taratibu. Sikiliza mkono."

"Baba. Vyote ni Mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtuliza mgonjwa. "Au vyote sio. Umevitengeneza vizuri mno, Baba. Kwa nini umevitengeneza vizuri hivi?"

Milimita alisogea karibu naye. Aliurudisha mkono wa binti kwenye kielelezo, akaufunika kwa wake, na kile kipimo cha chuma akakisukuma mbali kwa kiwiko.

Saa nne kamili mwakilishi wa mteja aligonga mlango, akiwa na glavu nyeupe na kisanduku kilichotandikwa sponji. Milimita alikuwa tayari amekwenda kusimama dirishani, mgongo wake ukitugeukia.

"Mpe," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki kuona ni kipi."

Niliufungua mfuko wa chakula, nikatia kimoja. Kilichobaki kilikuwa karibu na mkono wangu, nikakikabidhi. Mwakilishi alikiweka chini ya taa, akapitisha kidole juu ya kishimo, akasoma fomu yake, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hiki ni cha kweli," alisema. "Cha kweli unakijua tu." Nilitia sahihi mahali palipoandikwa "kielelezo asilia". Alipokuwa akitoka Mama Chai alimpa kikombe cha chai. Kilikuwa 417.

Binti aliniambia baadaye kwamba nyumbani baba yake aliuweka mfuko juu ya kabati la nguo, na kwamba hakuufungua. Alikuwa akipita mbele yake kama mtu anayempisha mgeni kwenye ujia. Ijumaa hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Nilijikuta nimefungua daftari saa nane mchana na kalamu mkononi, nikaifunika kalamu.

Wiki ya tatu alikuja, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Aliweka mfuko mezani, kando ya sukari.

"Kiandikie namba, Bwana Kabati. Kaa nacho wewe."

"Huenda ndiye," nilisema. Sijawahi kumwambia mtu neno la kumfariji lenye uwezekano wa nusu kwa nusu, na sipendekezi.

"Huenda. Na huenda yuko kwenye kioo cha watu, wanamwita bibi yao." Alikuwa akiutazama mfuko. "Ndugu yangu, siwezi kuishi nyumba moja na mtu nisiyemjua."

Alipofika mlangoni alisimama. "Angenicheka sana," alisema. "Angesema, umepima, umepima, mwisho umenipima na mimi nikakupotea." Kisha akarudi karakana, ambako kalibu ya birika ya mteja mwingine ilikuwa inamngoja.

Ilinibidi kukiandika. Safu ya nne ya daftari langu inahitaji neno moja kati ya mawili, "asilia" au "nakala", na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa sikuweza kuijaza. Niliuandikia utawala barua ya kurasa mbili. Nilikiri uongo wa usafishaji, nikaeleza udongo, mpira, sinia na upande wa kushoto. Niliomba mteja aarifiwe, vyote viwili virudishwe, na fundi aachiwe vyote viwili, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuhakikisha kwamba anacho kimoja. Nilijua ninachokiomba. Niliomba hata hivyo.

Kamati ilikaa mara mbili. Uamuzi wake, wenye mihuri miwili, umebandikwa mahali patatu:

"Kamati, baada ya kupitia maelezo ya mtunza sampuli, imeamua kwamba kielelezo kilichopokelewa na kuthibitishwa na mteja ndicho asilia, na kwamba kilichobaki, kwa sababu hiyo, ni nakala. Nakala hiyo isajiliwe kwa namba 417-B na ihifadhiwe kabati la tatu, na haitatolewa kwa ukaguzi wowote, kwa kuwa bidhaa husika si mali ya kampuni. Mtunza sampuli amepewa onyo. Aidha, ili kuzuia tukio kama hili lisijirudie, meza ya chai itarudishwa ukumbini kuanzia Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi. Ushirikiano wenu unathaminiwa. Utawala."